Waganga wa Kwetu Wafundishwe Kwetu



Sisi watu wa reli twajua neno moja: injini bila dereva ni chuma tu. Hata iwe mpya, haitoki stesheni. Hospitali nayo ni vivyo hivyo.

Mwenzetu mmoja wa genge alivunjika mguu akiwa kazini, upande wa Kipkelion, stesheni ambayo wazee waliiita Lumbwa. Tulimchukua kwa machela mpaka zahanati. Vitanda vilikuwapo, bandeji zilikuwapo, lakini mtu wa kuunga mfupa hakuwapo. Tukangoja gari mpaka usiku. Mguu ule haukunyooka tena.

Twaambiwa kwamba madaktari hawapendi kukaa mashambani. Basi tutazame Tenwek, karibu na Bomet. Daktari Ernest Steury alifika huko kutoka Marekani mwaka 1959, na kwa miaka mingi alikuwa daktari wa pekee. Mtu mmoja hawezi kubeba nchi nzima mgongoni. Mwaka 1987 ikafunguliwa pale shule ya wauguzi, na tangu mwaka 2008 madaktari Waafrika hufundishwa upasuaji papo hapo. Serikali nayo ilianza kufundisha kazi za tiba Nairobi mwaka 1927, na leo chuo chake kina tawi Kapkatet. Kwa hiyo mtoto wa mchuma chai aweza kusomea uganga karibu na kwao. Naye ajuaye lugha ya mgonjwa, aliyezoea njia za matope, hatashtuka akipelekwa huko kufanya kazi.

Lakini kufundisha peke yake hakutoshi. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na sababu moja kubwa ilikuwa vijana waliomaliza masomo, lakini hawakupelekwa hospitalini kufanya mwaka wao wa mazoezi. Dereva amekwisha kufundishwa, injini iko, na bado gari limesimama! Hilo ni jambo letu sisi wa vyama, maana ni habari ya kazi na mshahara.

Basi tunaomba mambo matatu. Kila tawi litenge fedha kidogo za karo kwa mtoto mmoja wa mwanachama. Serikali ya kaunti iwaajiri wanaomaliza masomo, na kuwalipa kwa wakati. Tena zahanati za mbali zijengewe nyumba nzuri ya mganga.

Tusingoje mguu mwingine uvunjike.