Chozi Wawili wa Kando ya Ziwa



Katika Marekani wako ndege wadogo mno waitwao wavumaji, ambao hunyonya maua huku wakielea hewani. Ndege hao hawapatikani Afrika. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na chozi, ndege wa ukoo mwingine kabisa, ambao twapita karibu nao kila siku pasipo kuwatazama. Leo nataka kueleza habari za chozi wawili wanaoonekana Kisumu na kando ya Ziwa Victoria.

Wa kwanza ndiye mkubwa. Dume lake ni jeusi, kifua chake ni chekundu kama moto, na utosi wake ni wa kijani king'aacho juani. Mkia wake ni mfupi. Wa pili ni mwembamba zaidi. Dume lake lina kichwa na mgongo wa kijani king'aacho kama mbawakawa, mshipi mwekundu kifuani, tumbo jeusi, na manyoya mawili ya mkia yaliyorefuka kupita mengine. Majike ya wote wawili hayana pambo lolote. Rangi yao ni kama ya udongo, hata mgeni hudhani kuwa ni ndege wa namna nyingine.

Wote wawili wana mdomo mwembamba uliopinda, na ulimi wa kunyonyea mbochi. Lakini kinyume cha mvumaji, chozi hupenda kutua kwanza juu ya tawi, kisha hunyonya. Mti wa mwamba-ngoma uchanuapo, hutoka ua hadi ua, na vumbi la maua hushika kichwani mwao. Ndivyo mti upatavyo mbegu. Makinda nao hulishwa wadudu na buibui. Wako watu wawafukuzao katika migomba, wakidhani kuwa wanaharibu ndizi. Sivyo, wanafuata mbochi tu.

Jike ndilo lijengalo kiota, kwa nyasi na majani makavu yaliyofungwa kwa utando wa buibui. Huning'inia kama mfuko mdogo, mlango ukiwa ubavuni.

Sasa iko tofauti moja kubwa kuliko ya manyoya. Chozi wa kwanza ni mwenyeji wa nchi nyingi, kutoka Senegal hata Afrika Kusini, na hukaa bustanini Nairobi kama akaavyo hapa. Wa pili hapendi kuwa mbali na maji. Yuko Uganda na nchi jirani, lakini katika Kenya makao yake ni huku magharibi, hasa kandokando ya ziwa letu. Hajawa adimu bado. Lakini vichaka vya ufukoni na kando ya mafunjo, kama vya Dunga, vikifyekwa vyote, wa kwanza atapata mahali pengine. Wa pili hana Kenya nyingine ya kuhamia.

Kwa hiyo, mabwana na mabibi, kabla ya kufyeka ua au kichaka, tazameni kwanza kama mfuko ule mdogo unaning'inia ndani. Mkiona mayai, ngojeni kama mwezi mmoja, makinda yatakuwa yamekwisha kuruka. Na watoto wenye manati waonyesheni ndege huyu mwenye mkia mrefu, wamjue kabla hawajamlenga.