Sheria, Hukumu na Kibanja cha Ukoo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Johannesburg)



Nimeombwa nieleze jinsi majaji wanavyosoma sheria. Nimechagua jambo linalotugusa sisi tuishio Johannesburg huku vibanja vyetu viko Kagera, nalo ni urithi wa binti.

Kanuni za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini zilimkataza kuiuza. Mwaka 1988, huko Muleba, Bi. Holaria Pastory aliuza kwa shilingi 300,000 shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo. Jamaa yake, Bernardo Ephrahim, alishtaki akashinda katika Mahakama ya Mwanzo, akashindwa Wilayani, akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya hakuitupa mila yote. Alikumbusha kwamba mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, na Bunge likaagiza sheria za zamani zisomwe kwa marekebisho yatakayozipatanisha nayo. Basi akaisoma kanuni upya: haki ya mwanamke na mipaka yake iwe sawa na ya mwanamume. Ndugu alibaki na nafasi ya kukomboa shamba, kwa kurudisha shilingi 300,000 katika miezi 6.

Hapa Afrika Kusini, katika shauri la Bhe la mwaka 2004, mabinti wawili wadogo wa Khayelitsha walifiwa na baba. Babu yao, akiwa mrithi wa kiume, alitaka kuuza nyumba ili kulipia gharama za mazishi. Mahakama ya Katiba, kwa hukumu ya Jaji Langa, iliitangua kanuni ya urithi wa mwanamume mkubwa. Jaji Ngcobo alikubali kwamba mabinti wameonewa, lakini aliona afadhali mila iendelezwe kuliko kutanguliwa. Katiba ni moja, na wasomaji wake wakatofautiana.

Tena, hukumu ya jaji mmoja wa Mahakama Kuu haiwafungi wenzake. Mwaka 2006, Dar es Salaam, wajane wawili wa Shinyanga waliambiwa na Mahakama Kuu kwamba kanuni za mirathi ni za kibaguzi, lakini majaji wakakataa kuzitangua. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya nyaraka.

Ndugu zangu, shangazi yetu aliyemuuguza babu alilima kibanja kile miaka 19. Tulimwondoa katika kikao cha jioni moja, pasipo hakimu wala karatasi. Nami nilikuwapo, nikanyamaza. Sheria ilikuwa na la kusema, hakuna aliyeifungua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila mwenye mali, hapa au nyumbani, aandike wosia mbele ya mashahidi na amtaje binti kwa jina. Na kibanja kikitaka kuuzwa, ukoo uchangishane bei kabla ya kushtakiana. Haki ya mtoto wetu isingoje bahati ya kumpata jaji fulani.