Sabuni Haikatiwi Utepe

Maneno ya Kamati ya Fedha kwa wanaumoja, siku ya harambee ya mwaka



Mmezoea kutusikia sisi wa Kamati ya Fedha tukisoma mapato na matumizi, na wengine mmezoea kusinzia tukifika ukurasa wa pili. Mwaka huu hesabu zetu mtazisoma wenyewe kwenye kijitabu hiki. Dakika tulizopewa tumeomba tuzitumie kuzungumzia kidonda. Sisi ni wahasibu, si madaktari. Lakini kuna hesabu ya kidonda iliyopita mikononi mwetu, na tulipoifunga tuliona si haki kuinyamazia.

Kijana mmoja wa ukoo wetu alikuwa akiendesha bodaboda kati ya Mbamba Bay na Mbinga. Tangu ikamilike ile lami ya kilomita 66, wote tunajua safari ilivyokuwa nyepesi: usipa wa asubuhi ufukweni unaliwa mchana Mbinga mjini. Tunazijua pia kona za mlimani, na mwendo wa vijana wetu. Jioni moja ya mvua pikipiki iliteleza. Mfupa wa muundi ukavunjika, ukatoboa ngozi na kutokeza nje.

Waliomwokota walimtendea kwa upendo. Mmoja alivua shati akamfunga. Mwingine akamwagia mafuta ya taa, eti kuua wadudu. Gari halikupatikana, akalala nyumbani hadi asubuhi. Hospitali aliyofikishwa walimsafisha na kumwekea vyuma. Siku ile maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na wauguzi walinawa kwa maji ya ndoo. Hospitali hiyo hatutaitaja, kwa sababu jambo hilo lingeweza kutokea popote, na kwa sababu lawama kubwa ni yetu wenyewe.

Maana alipoletwa nyumbani tulifanya haya, na tunayasema mbele yenu kwa aibu. Siku ya tatu tulifungua bandeji ili shangazi zake waone kama kidonda kinakauka. Tukakifunga tena kwa kipande cha kanga. Kilipoanza kuwasha tulinunua rangi mbili dukani, tukafungua vidonge na kunyunyiza unga wake juu ya mshono. Kilipotoa maji tukasema uchafu unatoka, anapona. Alipopata homa tukasema ni malaria. Wiki ya nne usaha ulitiririka hadi kwenye godoro.

Sasa tusome daftari. Safari za gari la kukodi kwenda Songea: tano. Kurudishwa chumba cha upasuaji: mara tatu. Mara ya kwanza kusafisha, ya pili kutoa vyuma, ya tatu kuondoa kipande cha mfupa kilichokufa. Miezi 11 bila kazi. Pikipiki ya mkataba ilirudi kwa mwenyewe. Baba yake aliuza kahawa ikiwa bado mtini. Mnaoijua magoma mnaijua bei yake. Mdogo wake wa kike aliacha masomo muhula mzima ili amhudumie. Leo anatembea, lakini mguu mmoja ni mfupi, na ngoro za mama yake hawezi tena kuzilima.

Upande wa pili wa daftari tuliandika vitu ambavyo pengine vingezuia yote hayo: kitambaa safi, maji safi, kipande cha sabuni, sindano ya antibiotiki kwa wakati wake, pakiti chache za gozi, na simu moja ya kumuuliza muuguzi. Katika miaka yetu yote ya kazi hatujaona hasara kubwa kiasi hicho iliyotokana na vitu vidogo kiasi hicho.

Ndugu zetu, kidonda cha mfupa si kama kidonda kingine. Bakteria wakikifikia chuma kilichowekwa ndani, hujishikiza na kujijengea utando, mfano wa ule utelezi kwenye mawe ya ziwani. Dawa hupenya kwenye utando huo kwa shida, na chuma chenyewe hakina mishipa ya damu ya kuleta kinga ya mwili. Ndiyo maana mara nyingi vidonge peke yake havitoshi, na daktari hulazimika kufungua upya. Tena maambukizi hayo hayana haraka. Kwa aliyewekewa chuma, wataalamu hukifuatilia kidonda kwa siku 90. Mgonjwa wetu hulala wodini siku chache tu kati ya hizo. Zinazobaki yuko kwetu, kwa shangazi zake.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1865, mjini Glasgow huko Uskochi, mtoto wa miaka 11 alikanyagwa na gurudumu la mkokoteni, na mfupa wa mguu ukatokeza nje kama wa kijana wetu. Siku hizo mguu wa namna hiyo mara nyingi ulikatwa, na wengi walikufa kwa usaha. Daktari Joseph Lister alikifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowekwa dawa ya kuua vijidudu. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga na mtoto akapona na mguu wake. Hakuwa na antibiotiki; zilikuwa bado hazijagunduliwa. Alikuwa na usafi na uangalifu.

Na tusidhani ni mambo ya Ulaya tu. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali nane duniani. Moja ilikuwa London, nyingine Toronto, nyingine Seattle, na moja ilikuwa hapa kwetu Tanzania, Ifakara, hospitali ya misheni kama zetu. Orodha yenyewe ni karatasi yenye mambo 19 ya kuulizana kwa sauti: mgonjwa ni huyu? Antibiotiki imeshatolewa? Vifaa vimetakaswa? Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane pamoja, maambukizi ya vidonda yalishuka kutoka asilimia 6.2 hadi 3.4. Karatasi na nidhamu vilipunguza maambukizi karibu nusu.

Shirika hilohilo linasema kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya kila wagonjwa 100 wanaofanyiwa upasuaji, 11 hupata maambukizi ya kidonda. Mwaka 2016 lilitoa mwongozo wa kuyazuia, na sehemu kubwa ya mwongozo huo hata sisi wa kalamu tunaielewa. Tumeigawa pamoja na mengine tuliyoelekezwa na wataalamu katika sehemu tatu.

Kwanza, njiani. Mfupa ukitokeza nje, usiusukume urudi ndani. Funika kwa kitambaa safi, kandamiza panapovuja damu, funga mguu kwenye ubao ulivyo. Usimwagie mafuta ya taa, usipake majivu, majani wala dawa ya meno. Usisubiri asubuhi. Majeruhi wa namna hii anahitaji antibiotiki mapema iwezekanavyo, pamoja na sindano ya pepopunda. Kama hospitali kubwa ni mbali, pitia kituo cha afya kilicho karibu aanziwe huduma.

Pili, hospitalini. Mgonjwa anayesubiri upasuaji aoge kwa sabuni. Asinyolewe kwa wembe, kwa kuwa wembe huacha michubuko midogo ambayo ni mlango wa vijidudu. Ikilazimu, nywele zipunguzwe kwa mashine. Antibiotiki ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, isiwe baadaye mtu anapokumbuka. Kwa upasuaji safi uliokwisha salama, mwongozo hauoni haja ya kuiendeleza. Mfupa uliotokeza nje una utaratibu wake, na hapo daktari ndiye anayeamua. Lakini kumshinikiza aongeze dawa ili roho zetu zitulie ni kupoteza fedha na kuwazoesha bakteria dawa.

Vifaa vitakaswe kwa mvuke wa joto la nyuzi 121 au zaidi, kwa muda kamili. Mtungi wa mvuke ukiwa na mpira uliochakaa unavuja, na joto halifiki. Mpira huo ni kitu cha kushika kwa mkono mmoja. Hata kusafisha mfupa uliovunjika hakudai makubwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,400, ulionyesha kuwa maji ya chumvi ya hospitali yalifaa kuliko maji ya sabuni kwa kuosha ndani ya kidonda cha namna hiyo, na kwamba mashine ya kuyasukuma kwa nguvu haikuongeza faida. Sabuni ni ya mikono na ngozi. Ndani ya kidonda tumwachie daktari.

Tatu, nyumbani. Nawa kabla ya kugusa. Usifungue bandeji ili wageni waone. Mgonjwa ale vizuri, na usipa na maharage tunavyo. Mwenye kisukari aangaliwe sukari yake, mvutaji aache sigara. Kidonda kikiwa chekundu, kikivimba, kikitoa maji au harufu, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au homa ikipanda, arudishwe siku hiyohiyo. Na rangi mbili zibaki dukani.

Sasa tunafika kwenye mifuko yenu. Wahasibu tunagawa matumizi mara mbili: ya maendeleo na ya kawaida. Ya maendeleo ni jengo, kitanda, mashine. Ya kawaida ni sabuni, spiriti, gozi, glavu, mpira wa mtungi wa mvuke, maji. Tumepitia vitabu vya umoja wetu, na karibu kila shilingi tuliyowahi kupeleka hospitali ilikuwa ya maendeleo. Hatujutii. Lakini tuseme ukweli: kitanda kikikabidhiwa tunapiga picha, na utepe unakatwa. Sabuni haikatiwi utepe. Inaisha Jumanne, na Jumatano analetwa mtoto wa mtu.

Kwa hiyo mwaka huu tunawaomba jambo lisilo na sherehe. Kila mwanaumoja achangie shilingi 5,000 kwa mwezi, mwaka mzima, kwa ajili ya vidonda. Hatuombi mtu atoe milioni leo kisha tusimwone mpaka harambee ijayo. Shilingi 5,000 inayofika kila mwezi ina nguvu kuliko laki inayofika mara moja, kwa sababu kidonda nacho hufungwa kila siku.

Tunapendekeza fedha hizo zifanye kazi nne. Matangi na mifereji ya kuvuna maji ya mvua. Umatengo hatujawahi kulalamika kwamba mvua ni haba. Vifaa vinavyoisha, kwa orodha itakayoandikwa na hospitali zenyewe kila robo mwaka, milimani na ufukweni, bila kuuliza ni ya serikali au ya dhehebu gani. Mafunzo ya huduma ya kwanza kwenye vijiwe vya bodaboda, kwa kuwa wao ndio wanaofika wa kwanza. Na vocha za simu kwa wauguzi, ili mgonjwa wa mifupa aliyeruhusiwa apigiwe siku ya 3, ya 7, ya 14, ya 30 na ya 90, aulizwe maswali matano tu. Simu ya namna hiyo ingemfikia kijana wetu kabla ya wiki ya nne.

Kwa upande wetu tunaahidi hivi. Hakuna fedha taslimu itakayopita mkononi mwa mtu. Kila stakabadhi itabandikwa kwenye kundi letu la simu. Na mwakani, badala ya picha ya utepe, tutawasomea idadi iliyoandikwa na wauguzi: wagonjwa wangapi walifanyiwa upasuaji wa mifupa, wangapi walipata usaha. Namba ya pili isiposhuka, mtuulize hapahapa, na msitupigie makofi.

Kijana wetu anajua kwamba tunamzungumzia leo. Tulimwomba ruhusa, akakubali kwa sharti moja: tuwaambie kwamba hana kinyongo na aliyemwagia mafuta ya taa, wala na shangazi zake. Alisema hakuna aliyewafundisha.

Wanaumoja, hiyo ndiyo kazi tunayoiomba. Karatasi za ahadi ziko mezani, na kalamu tumeleta za kutosha.