Daftari la Ukaguzi wa Kila Wiki: Kuwasaidia Waendesha Meli Kutimiza Kibali cha Umwagaji Majini Marekani

(Mada kwa semina ya maofisa na mawakala wa meli)

Utangulizi

Ufafanuzi sitaurefusha, wengi wenu mnaujua. Kibali cha jumla cha meli cha Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA) kilianza kutumika mwaka 2009, baada ya mahakama kufuta msamaha wa kutohitaji kibali waliokuwa nao wenye meli. Toleo la 2013 linagusa aina 27 za umwagaji unaotokana na uendeshaji wa kawaida wa meli: maji ya ngama, ya balasti, ya kuoshea sitaha na mengineyo, ndani ya maili 3 za pwani. Sheria ya 2018 imekuja kulibadilisha, lakini hadi kanuni za Walinzi wa Pwani zianze kutumika, toleo hilo lina nguvu.

Tatizo

Kibali kinataka meli ikaguliwe kwa macho walau mara moja kwa wiki, au kila safari ikiwa safari ni fupi zaidi. Hapo ndipo tunapokwama. Notisi ya kuomba kibali hujazwa ofisini, na ripoti ya mwaka, inayotakiwa kufika ifikapo 28 Februari, hutoka ofisini pia. Lakini grisi ya winchi na chembe za rangi ya zamani ziko mikononi mwa serahangi, ambaye kibali chenyewe hajawahi kukisoma. Matokeo yake ni madaftari yenye kalamu moja, mwandiko mmoja na "hakuna kasoro" wiki baada ya wiki, yamejazwa usiku wa kuamkia kuingia bandarini.

Jambo hili sitalipa jina. Itoshe kukumbusha kwamba anayesaini ripoti anathibitisha ukweli wake, na uongo ndani yake ni kosa la jinai. Isitoshe, meli kuukuu isiyo na kasoro hata moja humtia mkaguzi wa serikali shaka kuliko yenye kasoro zilizoandikwa na kurekebishwa. Haya si mapya. Nimeyasema katika semina zilizotangulia, na fomu zenye kisanduku kimoja cha "sawa" zingali zinatumwa melini.

Mapendekezo

Kampuni zifikirie, kwa kadiri ya uwezo wao, kufuta kisanduku cha "sawa" na kumtaka anayekagua melini aandike alichokiona, mahali na saa. Aliyekagua ndiye asaini. Serahangi na mafundi wapewe muhtasari wa kibali kwa lugha wanayoielewa. Nahodha asiulizwe kwa nini ana kasoro nyingi. Aulizwe zimerekebishwa lini. Risiti za mafuta ya kulainishia shafti ya rafadha zihifadhiwe pamoja na daftari, miaka 3, melini. Mawakala waulizie daftari mapema, meli ingali njiani. Ofisi isiandike ripoti ya mwaka kabla ya kulisoma daftari. Na tena, kwa msisitizo: aliyekagua ndiye asaini.