Mwarobaini: Upandwe Wapi, Utumiwe Vipi

Leo tuko Kizota, magharibi mwa mji wa Dodoma, na shabaha yetu ni mti mnaoujua nyote: mwarobaini.

Mama mmoja wa hapa ametuuliza maswali mawili. La kwanza: mbegu zake za mwarobaini, alizozitunza kwenye kopo mwaka mzima, mbona hazikuota hata moja? La pili: mtoto akishikwa na homa, anyweshwe maji ya majani yake kiasi gani?

Tuanze na mbegu. Mama, kosa si la udongo wako. Mbegu ya mwarobaini haikai. Mahindi na mtama utayaweka hadi msimu ujao, lakini mwarobaini hupoteza nguvu ya kuota baada ya majuma machache. Basi fanya hivi. Okota matunda yaliyoiva, yenye rangi ya njano. Menya, osha utelezi wote, kisha anika mbegu kivulini. Zipande kabla ya majuma mawili kupita, kwenye viriba vyenye udongo uliochanganywa na samadi, na zisifukiwe sana. Sentimita moja yatosha. Mwagilia kidogo kidogo. Miche ihamishie shambani mvua zikishika vizuri. Hapa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, ukikupita umekupita! Chagua mahali pasipotuama maji, na zungushia miiba mbuzi wasiile miche ingali michanga.

Mti ukishazaa, usiuache ukupe kivuli tu. Twanga kokwa zilizokauka. Chukua nusu kilo ya unga wake, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, kisha chuja kwa kitambaa na tia sabuni kidogo. Nyunyizia mboga jioni, maana jua kali huharibu nguvu ya dawa hii. Viwavi na vidukari hawafi papo hapo, ila huacha kula na hawakui vizuri. Kwa hiyo usikate tamaa siku ya kwanza. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Sasa swali la pili, na hapa naomba tusikilizane. Jina la mwarobaini linatokana na sifa ya kuponya maradhi arobaini. Wazee wetu wamepigia mswaki vijiti vyake na kuoshea upele kwa maji ya majani yake. Hatuwadharau. Lakini homa ya mtoto ni jambo jingine. Malaria humuua mtoto mdogo kwa muda mfupi, na uchungu wa majani si kipimo cha nguvu ya dawa. Ukisubiri siku tatu uone kama yamemsaidia, siku hizo ndizo zinazompotezea maisha. Na mafuta ya mbegu asinyweshwe kabisa: yamewahi kuwaletea watoto wadogo kutapika, degedege, hata kifo. Mama mjamzito naye asinywe dawa ya mti huu.

Mtu asiseme tunapinga mitishamba. Dawa mseto ya malaria, inayotumika nchini tangu mwaka 2006, nayo asili yake ni mmea, unaoitwa artemisia, uliojulikana kwanza Uchina. Tofauti ni kwamba dawa ile imetolewa kwenye mmea, ikapimwa na kupewa kiasi chake kwa uzito wa mgonjwa. Sufuria ya jikoni haiwezi kupima hivyo.

Kwa hiyo mama, jibu letu ni hili: kiasi cha kumnywesha mtoto mwenye homa hakipo. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu. Akipewa dawa, aimalize yote hata kama ameanza kucheza.

Mwarobaini uupande, ndugu mkulima. Ukulindie bustani na kukupa kivuli. Homa ipeleke zahanati.