Maji Hayana Nyayo

Msikilizaji, ukisimama mwaloni Mwigobero hapa Musoma siku za giza, utaona taa za dagaa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine umeota juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai tupu: mvuvi anapiga pampu, kioo kinapasuka kikirushiwa maji, na jasho la usiku kucha linaishia kwenye mafuta ya taa. Sasa wengi wana taa za betri. Mchana paneli ya sola inalazwa juani, jioni betri inapanda mtumbwini.

Hiyo ndiyo nishati safi tunayoijua sisi. Na ndiyo hiyo inayoporwa. Wavuvi wanavamiwa usiku, inabebwa injini, nyavu, taa na betri, kisha waporaji wanavuka mpaka wa Kenya, ambao majini hauonekani. Askari wetu akifika hapo anasimama. Wavuvi wa Migori na Homa Bay, upande wa Kenya, nao wana kilio chao, tusijifanye watakatifu.

Kwenye nishati kubwa, nchi hizi mbili zinajua kushirikiana: Desemba 2024 Tanzania na Kenya ziliunganisha gridi zao kwa njia ya umeme ya kilovoti 400, kutoka Singida hadi Isinya, zaidi ya kilometa 500. Naipongeza kazi hiyo kwa moyo wote. Mpaka huu wa nchi hizi mbili ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983. Wazee wa Sirari, pale mpakani, wanakumbuka kuwa na ndugu ng'ambo ya barabara na wasiweze kwenda kumzika. Tumetoka mbali. Lakini nyaya zile zinapita Arusha na Namanga. Mvuvi wa Kibara kule Bunda hajaguswa nazo, na taa yake haina mkataba wowote unaoilinda.

Nchi kavu, ng'ombe akiibiwa Tarime, watu hufuata nyayo, na kijiji zilikoishia ndicho kinachoulizwa. Maji hayana nyayo. Kwa hiyo nashauri hivi: injini na betri zichongwe namba, na orodha iwe mikononi mwa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, za pande zote mbili. Mali ikiporwa huku saa nane usiku, mwalo wa Kenya upigiwe simu kabla hakujapambazuka, na boti za doria za nchi zote mbili ziruhusiwe kukutana mpakani badala ya kugeuzia hapo.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alitia saini mkataba wa Afrika Mashariki mwaka 1967 pamoja na Kenyatta na Obote. Haya ninayoyaomba hayahitaji marais watatu. Wakuu wa polisi wa pande mbili na wenyeviti wa mialo wanaweza kukaa Sirari siku moja wakayamaliza.

Dagaa wetu wakivuka kwenda Kenya wanaitwa omena, na wanaliwa vilevile. Mwezi ukishapungua, mitumbwi itatoka tena Mwigobero, kila mmoja na betri zake, na akina mama watakuwa mwaloni alfajiri wakihesabu taa zinazorudi.