Nyumba ya Chumba Kimoja Ipimwe kwa Watu



Halmashauri inapokusudia kuwajengea wananchi wa kipato kidogo nyumba za chumba kimoja cha kulala, hapana budi swali moja litangulie hesabu ya saruji na mabati: nani atalala humo, na kwa haki gani?

Swali hilo lina uzito wake hapa Kahama. Mji huu ulipandishwa hadhi kuwa Manispaa mwaka 2021, mwaka ule ule ambao uzalishaji ulikoma katika mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009. Dhahabu ya Bulyanhulu na biashara ya mpunga zingali zikivuta watu. Penye machimbo, mwenye fedha ya ghafula huweza kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwalimu na muuguzi hungoja mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba akiachiwa achague, hana haja ya kumfikiria mngojaji. Hapo ndipo nyumba ya umma inapokuwa na kazi yake.

Taifa lina mafunzo ya kutosha juu ya jambo hili. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika miaka yake ya kwanza lilibomoa vibanda vya Dar es Salaam na kujenga nyumba za bei nafuu mahali pake. Ilidhihirika kwamba Serikali peke yake haiwezi kumjengea kila mwananchi. Katika miaka ya 1970 ukaja utaratibu wa viwanja vilivyopimwa, vyenye barabara na maji, kama vile Sinza na Kijitonyama. Mwananchi alianza na vyumba viwili, akaongeza kadiri alivyopata. Nyumba ilikua pamoja na watoto.

Ghorofa haikui. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Chumba kimoja kinawatosha kijana aliyeanza kazi, maharusi, au mzee anayeishi peke yake. Kwa mama mwenye mabinti na wavulana waliobaleghe, chumba hicho ni kuvunja heshima ya nyumba. Na mgeni kutoka kijijini aliyekuja kutibiwa atalazwa wapi? Hukumbukwi pia mahali pa jiko la mkaa, pa mapipa ya maji na pa kuanika nguo, mambo ambayo nyumba ya uani huyamaliza bila mjadala.

Kuhusu haki, Magomeni Kota ni mfano ulio wazi. Kaya 644 ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi ya makazi mapya. Zilitangatanga kwa miaka mingi, mpaka Rais Magufuli alipoagiza mwaka 2016 kwamba ujenzi ufanyike. Wakala wa Majengo ulijenga, na Rais Samia akazindua majengo hayo Machi 2022. Ahadi ilitimizwa, lakini mtoto aliyeondoka Magomeni akiwa darasa la kwanza alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Kwa hiyo mpango wa namna hii, popote utakapoletwa, upimwe kwa mambo matatu. Kwanza, kaya zihesabiwe kabla ya ramani kuchorwa, na nyumba za chumba kimoja zichanganywe na za vyumba viwili na vitatu. Pili, kodi ilingane na mshahara wa ngazi ya chini, na orodha ya waliogawiwa ibandikwe hadharani katika ofisi ya kata. Tatu, anayeondolewa ili kupisha ujenzi apewe hati ya maandishi yenye tarehe ya kurudi.

Madiwani huchaguliwa na wananchi, na vikao vya baraza huwa wazi. Mwalimu anayejua idadi ya wanafunzi wasio na mahali pa kusomea usiku ana hoja ya kupeleka huko. Aipeleke mapema, maana ukuta ukishasimama haubishani na mtu.